Jogoo wa Serikali

Mwaka 1976 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku. Mpango ulikuwa na mambo mengi, lakini lililosemwa sana vijijini ni lile la kubadilishana majogoo. Mfugaji alimpeleka jogoo wake wa kienyeji, yule mwembamba mwenye miguu mirefu anayelala juu ya mti, akapewa wa gredi: mzito, kifua kipana, aina kama Rhode Island Red. Kwenye karatasi hesabu ya maafisa wa mifugo haikuwa na dosari. Jogoo mmoja hutosha mitetea kumi hivi. Ukimbadilisha yeye peke yake, umebadilisha vifaranga wote wa boma.

Hesabu hiyo ilikuwa imeshazaa matunda kwa ng'ombe. Tangu 1946 kituo cha Kabete kilikuwa kikitayarisha mbegu za mafahali bora, na nyanda za Bonde la Ufa la kati, kutoka Naivasha kupitia Nakuru hadi Molo, zikajulikana kwa ng'ombe wa maziwa. Kuku naye kwa nini asifuate njia ileile?

Ila ng'ombe hubeba mimba tumboni, atake asitake. Kuku huitoa nje ikiwa ndani ya gamba, na kuanzia saa hiyo lazima apatikane wa kuikalia kwa siku 21. Jogoo wa serikali alikuja na mwili mkubwa na mabinti wanaotaga sana. Hakuja na binti wa kuatamia. Mambo mengi yaliyompata kuku wa Nakuru katika miaka 100 na zaidi iliyopita yanarudi hapo.

Kuku si mwenyeji wa Bonde la Ufa. Babu yake ni kuku mwekundu wa msituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, na mifupa ya kale zaidi inayokubalika kuwa ya kuku wa kufugwa imetoka Ban Non Wat, nchini Thailand, ikiwa ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Afrika Mashariki alifika kwa kuchelewa. Mifupa yake imechimbuliwa Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, katika tabaka za kabla ya Kristo, na Unguja Ukuu kisiwani Zanzibar katika tabaka za milenia ya kwanza baada ya Kristo. Bara alipanda polepole, mkononi mwa wakulima.

Wafugaji wa bonde hawakuwa na haja naye. Mlima wa Hyrax Hill, kando ya mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba kuanzia 1937, una mashimo yanayohusishwa na wafugaji wa kale Wasirikwa: mazizi yaliyochimbwa ardhini kulaza mifugo. Wamasai waliokuja baadaye, na majirani zao Wakalenjin, walihesabu utajiri kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ndege alikuwa shabaha ya vijana waliotoka jandoni, waliovaa manyoya yake kichwani. Mayai hayakuwa chakula cha mtu mzima mwenye heshima zake.

Magharibi, upande wa Ziwa Viktoria, mambo yalikuwa kinyume. Kwa Waluhya kuku alikuwa mgeni rasmi wa kila karamu, na firigisi ilikuwa haki ya mwenye nyumba. Waliomlisha, waliomfungia usiku na kumtegea pembe ya kutagia walikuwa wanawake, na wanawake haohao ndio waliokatazwa kumla, kama ilivyokuwa kwa Wajaluo. Sababu zilizotolewa zilitofautiana, na sehemu nyingi za Afrika ziligusa uzazi: mwanamke akila yai, ilisemekana, hatapata mtoto au mtoto atazaliwa na kasoro. Jambo la ajabu ni kwamba ujuzi wote wa uzazi wa kuku ulikaa kwa wale waliozuiwa kuuonja. Wao ndio waliojua koo yupi anaatamia mpaka mwisho na yupi anayeacha mayai yapoe siku ya kumi.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Nyuma ya reli wakaja masetla, na katika makasha yao kuku wa Ulaya na Marekani. Leghorn mweupe alikuwa na jina la bandari ya Livorno, Italia. Light Sussex alitoka Uingereza. Rhode Island Red alianzia Little Compton, pwani ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako katikati ya karne ya 19 wafugaji walichanganya kuku wao na jogoo mwekundu wa Kimalei aliyeletwa na baharia. Hivyo yule aliyekuja kuuzwa Kenya kama damu ya kizungu alikuwa na babu wa Asia, kama alivyokuwa naye kuku wa kienyeji aliyetakiwa kuboreshwa.

Wageni hao walikuta mazingira ambayo miili yao haikuyatarajia. Kifuko cha mayai cha kuku husukumwa na mwanga. Uingereza, siku zikifupika wakati wa baridi, kuku hupunguza kutaga. Zikirefuka, huanza upya. Nakuru iko kusini kidogo tu ya ikweta, na mchana wake ni wa saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Hapa hakuna msimu wa kuanza wala wa kuacha. Kuku hutaga Januari na Agosti bila tofauti kubwa, lakini pia hapati ule urefu wa mchana, saa 14 hadi 16, unaomfikisha kwenye kilele. Taa inayowashwa alfajiri katika mabanda ya kuku wa mayai huko Bahati na Njoro kazi yake ndiyo hiyo: kumdanganya kuku kwamba ni kiangazi cha Ulaya.

Mwinuko ulikuwa mtihani wa pili. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Molo imezidi 2,400. Juu huko hewa ni nyepesi, oksijeni inayopenya vitundu vya gamba ni kidogo, na maji ya yai hutoka haraka. Mayai yaliyotagwa nchi za chini yakipandishwa kuanguliwa huko, vifaranga wengi hufia ndani ya gamba. Kuku aliyezaliwa na kutaga mlimani hujirekebisha kwa kiasi fulani, kizazi baada ya kizazi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuku wa kienyeji wa Molo kuangua vizuri pale ambapo mashine ya kigeni ilihitaji kurekebishwa tena na tena.

Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alianzisha huko Njoro shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Shule hiyo ikawa chuo mwaka 1950 na chuo kikuu mwaka 1987. Egerton mwenyewe anakumbukwa zaidi kwa jumba lake la Ngata, lililoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenyeji husimulia kwamba mchumba wake aliidharau nyumba yake ya kwanza kwa kusema inafanana na banda la kuku, naye akajenga kasri. Mchumba hakuja. Baada ya hapo, husema masimulizi, Egerton alipiga marufuku wanawake, mbwa na kuku wasikanyage uwanja wake. Iwe kweli au chumvi, inachekesha kwamba chuo chenye jina la mtu huyo ndicho kilichokuja kumchunguza kuku wa kienyeji kwa undani kuliko karibu vyote nchini.

Katika mashamba ya masetla waliishi maskwota, wengi wao Wakikuyu, waliokuja na mifugo yao na kulipia malisho kwa kazi ya mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1920 likawakuta lile waliloliita kifagio: amri za kupunguza mifugo ya maskwota katika wilaya za Nakuru na Naivasha, ambapo mbuzi na ng'ombe wengi waliuzwa kwa bei ya kutupa. Sheria ya mwaka 1937 ya vibarua wakazi ikaongeza makali. Shabaha ya kanuni hizo ilikuwa mnyama anayekula majani ya setla. Kuku hali majani ya mtu. Alibaki nyuma ya kibanda akiokota mahindi yaliyomwagika, na ni rahisi kuona kwa nini familia iliyonyang'anywa zizi ingemshikilia. Anahamishika kwa kikapu, akiba yake ni mayai kumi na mawili chini ya kitanda, na haandikwi katika daftari la mtu yeyote.

Baada ya uhuru, mashamba makubwa yalipogawanywa, kuku huyohuyo ndiye aliyeingia na familia katika vipande vipya vya Subukia, Bahati na Molo. Kutoka magharibi walikuja Waluhya, Wakisii na Wajaluo kufanya kazi mjini na mashambani, na kuku wao mkononi. Katika vijiji vya namna hiyo majogoo wa makabila yote walikutana bila afisa yeyote kupanga.

Kisha ndipo akaja jogoo wa serikali.

Walioleta mpango walijua jenetiki. Mwenendo wa boma waliuchukua kijuujuu. Kwanza, mbegu za jogoo haziishi siku moja. Ndani ya mrija wa uzazi wa kuku mna vijibomba vyembamba vinavyozihifadhi, na mpandano mmoja unaweza kurutubisha mayai kwa wiki mbili, pengine hata tatu. Mfugaji aliyebadilisha jogoo Jumatatu aliweza kuendelea kupata vifaranga wa yule wa zamani kwa wiki kadhaa, akidhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Pili, kuku wa kienyeji hafungiwi. Jogoo wa jirani ambaye hajabadilishwa huruka ua asubuhi na kumaliza kazi kabla jogoo mzito wa gredi hajashuka ngazi ya banda.

Tatu, kuku mwenyewe ana la kusema. Mwaka 2000 Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha, katika jarida la Nature, kwamba kuku aliyepandwa na jogoo wa cheo cha chini hutoa nje sehemu kubwa ya mbegu zake mara tu baada ya tendo. Cheo, kwa kuku, hakitolewi ofisini. Jogoo mgeni aliyelelewa ndani ya banda, asiyejua kupigana wala kutafuta mchwa na kuwaita mitetea waje wale, hakuwa na uhakika wa kupewa heshima kwa sababu tu ameletwa na gari la wizara.

Hata hivyo, mara nyingi mpandano ulifaulu. Hapo ndipo shida kubwa zaidi ilipojitokeza, kwa sababu machotara walitaga. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia, hulea, na hurudia hivyo mara mbili au tatu kwa mwaka. Jumla haizidi sana mayai 50 au 60. Mabinti wa jogoo wa gredi walizidi kiwango hicho, na ziada hiyo ilitoka mahali panapojulikana. Kuku anapoatamia, homoni ya prolaktini hupanda na kifuko cha mayai husinyaa. Aliyetaga bila kupumzika ni yule ambaye homoni hiyo haijampandia. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wamechagua kwa vizazi vingi kuku wasiolalia, na Leghorn ndiye mfano wao mkuu. Hivyo mama wa Rongai aliyefurahia mayai zaidi mwaka wa kwanza aligundua mwaka wa pili kwamba ana mayai mengi na hana wa kuyakalia. Koo wake wa zamani walikuwa wameuzwa au kuliwa.

Chakula nacho kilikuwa kikwazo. Chotara mzito hawezi kujitegemea kwa kuchakura. Anahitaji chakula cha dukani. Nakuru, mji wa nafaka na viwanda vya chakula cha mifugo, ilikuwa na bahati kuliko wilaya nyingi, lakini chakula cha kiwandani hudai pesa taslimu kila wiki. Na juu ya yote kulikuwa na kideri. Ugonjwa huo uliandikwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1935, karibu na Mombasa, na tangu hapo umekuwa ukifagia maboma kwa msimu. Kideri hakibagui gredi wala kienyeji. Tofauti ni kwamba boma la kienyeji lililobakiwa na mitetea wawili lilijijaza upya lenyewe baada ya miezi michache, kwa sababu wawili hao walijua kulalia. Boma la machotara lilisubiri gari la wizara.

Msaada wa Uholanzi ulipofikia kikomo katika miaka ya 1990, gari hilo likaacha kuja. Kubadilishana majogoo kukabaki kumbukumbu, na damu nyekundu ya Rhode Island ikayeyuka taratibu ndani ya kuku wa vijijini. Ukimwona leo jogoo mwekundu aliyejaa kifua katika soko la Nakuru, akiuzwa kwa kiapo kwamba ni wa kienyeji kabisa, usibishane na mwenye kuuza. Mpe tu bei yako.

Wakati huohuo kazi ya kuatamia ilihamia kwa makampuni. Kenchic, iliyoanzishwa mwaka 1984, na wenzake wa upande wa Kiambu walijenga mashine zinazoangua vifaranga kwa maelfu, na wafugaji wa Nakuru wakazoea kupokea maboksi ya vifaranga wa siku moja. Kwa kuku wa nyama na wa mayai mfumo huo hauna mpinzani. Masharti yake ni mepesi kuyaelewa: hao ni mahuluti, watoto wao hawafanani nao, na mwenye kuku hana sababu ya kuweka jogoo. Kizazi kinaanza na kuishia kwa mwenye mashine.

Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu kuku wa kienyeji milioni 25.7 hivi nchini, na wa kibiashara takriban milioni 6 tu. Baada ya majaribio yote hayo, kuku aliyedharauliwa ndiye aliyekuwa bado amejaa nchi. Watafiti wa bonde walikuwa wameshaanza kubadili swali. Huko Njoro, mpango wa Chuo Kikuu cha Egerton wa kuboresha kuku wa kienyeji ulikusanya mayai kutoka Kakamega, Siaya, Pokot Magharibi, Turkana, Bomet, Narok, Lamu na Taita Taveta, ukayaangua mahali pamoja na kulinganisha vifaranga wakila chakula kimoja. Ndani yao walikuwamo wenye shingo uchi, wanaovumilia joto, na kidimu wenye manyoya yaliyopinda. Walichokitafuta kilikuwa kuku wa kienyeji atakayeboresha kuku wa kienyeji, bila jogoo wa kukodi.

Naivasha ilikwenda mbali zaidi sokoni. Kituo cha mifugo cha huko ni cha tangu siku za mwanzo za ukoloni na kilivuma kwa ng'ombe wa Sahiwal. Katika miaka ya 2010 kilianza kujulikana kwa vifaranga. Kutokana na uteuzi wa kuku wa kienyeji, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI, ambayo baadaye ikawa KALRO, ilitoa kuku aliyeboreshwa anayetaga mayai 220 hadi 280 kwa mwaka na kuanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi. Watu walipanga foleni ya miezi kuwapata. Lakini hesabu ya mwili haijabadilika tangu 1976: kuku anayetaga mayai 250 kwa mwaka hana muda wa kulalia, na wa Naivasha naye hulalia kwa nadra. Tofauti ni kwamba safari hii mnunuzi huambiwa mapema.

Basi mashine ikaja nyumbani. Mafundi wa jua kali wa Nakuru huunda viangulio vya mayai 60, vya 500, kwa mbao, mabati na taa za kawaida, vyenye kidhibiti joto cha kushikilia nyuzi 37.5 na trei ya kugeuza mayai. Wamisri waliangua mayai kwa maelfu ndani ya matanuri ya udongo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na wafanyakazi wao walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye ukope wa jicho. Fundi wa Nakuru ana kipimajoto cha dijiti, ila anategemea stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na wenye viangulio wakabaki na blanketi, jiko la makaa, na maombi. Kifaranga aliye ndani ya gamba huvumilia baridi ya saa chache. Usiku kucha ni habari nyingine.

Wengine wameamua kutochagua upande. Hufuga kuku walioboreshwa kwa ajili ya mayai, na kando huweka makoo watano au sita wa kienyeji wa damu ya zamani kwa kazi moja tu. Anayeanza kulalia mapema hupewa mayai ya bandia au viza mpaka wenzake wamfikie, kisha wote huwekewa mayai mazuri jioni moja, ili vifaranga waanguliwe siku moja na walelewe na mmoja huku wengine wakirudi kutaga. Siku ya saba mayai humulikwa kwa tochi, na yasiyo na mishipa huondolewa.

Katika mabanda mengine anayefanya kazi hiyo ni bata mzinga, ndege wa asili ya Meksiko. Mwili wake mkubwa hufunika mayai 20 na zaidi ya kuku. Mayai yake mwenyewe yangehitaji siku 28, hivyo ya kuku yakianguliwa siku ya 21 huwa bado hajachoka. Vifaranga huondolewa usiku na kupelekwa kwenye joto la taa, naye huwekewa mayai mengine asubuhi. Wenye uzoefu hawampi zaidi ya raundi mbili au tatu mfululizo, na humshusha kila siku ale na anywe maji, kwa maana akiachwa atabaki juu ya mayai mpaka akonde vibaya.